Si Minyoo: Ndugu wa Pweza Waishio Kilindini

Kurasa hizi kwa kawaida hubeba habari za visima, vikundi vya kuweka na kukopa, mashamba ya mwani na karo za watoto yatima. Safari hii tunaomba mtuvumilie, kwa sababu tutaeleza juu ya mnyama ambaye hakuna mvuvi anayemuuza wala mama anayempika. Ana umbo la mnyoo, mara nyingi hafikii urefu wa kidole, na anaishi kwenye tope na matumbawe ya maji ya kina. Hana gamba wala macho, na baadhi ya jamii zake hazina hata meno. Hata hivyo wataalamu wamemweka katika ukoo mmoja na pweza, chaza na konokono. Kwa maoni yetu, kamati za parokia za pwani ya Kilwa na Lindi zina sababu nzuri ya kumfahamu.

Sababu yenyewe ni gesi. Gesi ya Songo Songo, katika wilaya yetu ya Kilwa, iligunduliwa mwaka 1974 na ikaanza kupelekwa Dar es Salaam kwa bomba mwaka 2004. Hiyo ni gesi ya kisiwani na ya maji ya karibu. Kuanzia mwaka 2010 watafutaji walihamia bahari kuu, na mwaka 2012 kisima cha Zafarani kilipata gesi mahali ambapo maji yana kina cha takribani mita 2,500. Gesi yote iliyogunduliwa nchini sasa inakadiriwa kufikia futi za ujazo trilioni 57, na sehemu kubwa yake iko chini ya bahari hiyo ya kina. Mazungumzo ya kujenga mtambo wa kuisindika huko Likong'o, Lindi, yamechukua miaka mingi.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka mradi wa aina hiyo ufanyiwe Tathmini ya Athari kwa Mazingira, na wananchi wasikilizwe. Ndiyo maana wajumbe wa kamati, mashehe, wazee wa vijiji na viongozi wa vikundi vya wavuvi hujikuta wameketi kwenye viti vya plastiki, mbele yao ripoti nene, wakiulizwa kama wana maoni. Katika vikao vya namna hiyo tumesikia zaidi ya mara moja kwamba huko chini hakuna kitu, ni tope na minyoo tu. Makala haya yanahusu sentensi hiyo.

Ukoo wenyewe

Tuanzie mahali panapojulikana. Bamvua inapofika, maji hukauka mbali na kina mama wa Kilwa Kisiwani hutoka na fimbo zao kutafuta pweza kwenye mashimo ya miamba. Njiani huokota chaza na konokono wa pwani, na kwenye mikoko wapo tondo. Hao wote, pamoja na ngisi, dome na kauri ambazo zamani zilikuwa fedha, ni wa kundi moja kubwa ambalo wanasayansi huliita moluska. Ni wanyama wenye mwili laini usio na mifupa. Mgongoni wana ngozi maalumu, tuiite joho, ambayo kwa wengi hutoa chokaa na kujenga gamba. Wengi pia wana ulimi wenye meno madogo yaliyojipanga kwa safu kama msasa, ambao hutumika kukwangua au kukamata chakula.

Gamba basi si sharti la kuwa moluska. Pweza hana gamba la nje, na hakuna mtu Kisiwani anayemwita mnyoo. Umbo nalo hudanganya. Mafundi wa mashua wanamfahamu vizuri mdudu anayetoboa mbao zilizoko majini, mwenye mwili mrefu, mweupe na mlaini, anayeacha mashimo yaliyopakwa chokaa ndani. Ni kwa ajili yake mashua hupandishwa pwani, ikababuliwa kwa moto wa makuti na kupakwa deheni. Huyo naye kwa sura ni mnyoo mtupu, lakini ni jamii ya chaza: magamba yake mawili yamebaki madogo kichwani na yamegeuka kuwa keekee ya kutobolea mbao.

Mnyama wetu wa kilindini ni wa tatu katika orodha hiyo ya wadanganyifu, na kwa kweli ndiye aliyewasumbua wataalamu kwa muda mrefu kuliko wote.

Aina mbili za maisha

Wanasayansi huwaita kwa pamoja aplakofora, yaani wasiobeba magamba. Spishi zilizokwisha kupewa majina ni zaidi ya 400, na karibu kila msafara unaochunguza tope la bahari kuu hurudi na nyingine mpya. Wanapatikana katika bahari zote za dunia, wachache kwenye maji ya karibu na pwani na wengi zaidi kwenye vilindi, hata kupita mita 6,000. Wengi ni wa milimita chache tu. Wapo wachache wanaofikia sentimita 30. Wamegawanyika katika makundi mawili ambayo maisha yake yanatofautiana sana.

Kundi la kwanza ni solenogasta. Jina ni la Kigiriki na maana yake ni tumbo lenye mfereji, kwa sababu chini ya tumbo wana mfereji mwembamba wenye kikunjo kidogo cha ngozi, ambacho ndicho mabaki ya mguu ule ambao konokono hutambalia. Hutambaa polepole juu ya ute wao wenyewe. Wengi wao hula matumbawe laini na jamaa zake: hujizungusha kwenye tawi la tumbawe na kulifyonza, wala sumu ya tumbawe haiwadhuru. Hawana matamvua halisi ya kupumulia. Kila mmoja ni dume na jike kwa pamoja.

Kundi la pili ni kaudofoveata. Hawa hawana mguu wala mfereji. Huishi ndani ya tope, kichwa chini na mkia juu, wakichimba kwa kutumia ngao ngumu iliyo karibu na mdomo. Matamvua yao mawili yako mkiani, yakichungulia kwenye uso wa tope ili kupata maji safi. Hula viumbe vidogo mno vya kwenye mchanga na mabaki yanayodondoka kutoka juu. Madume na majike wako mbalimbali. Mtu akitazama picha za kamera zinazoteremshwa chini ya bahari haoni chochote isipokuwa tope tambarare; mnyama yumo humo humo, amesimama kama kigingi.

Jambo moja wanashirikiana makundi yote mawili. Ngozi yao imefunikwa na maelfu ya vijisindano vya chokaa vinavyong'aa, hata mnyama akimulikwa huonekana kama amevaa kitambaa cha hariri. Chokaa hiyo ni ya aina iitwayo aragonaiti. Hapa tunaomba nafasi ya maneno machache pembeni, kwa kuwa aragonaiti ndiyo madini yale yale ambayo matumbawe ya pwani yetu hujijengea mifupa. Aliyewahi kuushika ukuta wa Husuni Kubwa, jumba lililojengwa kwa mawe ya matumbawe mwanzoni mwa karne ya 14 wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ameshika kazi ya wanyama wanaotumia chokaa hiyo hiyo. Wengine wameacha majumba, na hawa wa kilindini wamejishonea koti.

Waliwekwa wapi, wakahamishwa wapi

Mnyama wa kwanza wa jamii hii kupewa jina la kisayansi alielezwa na Msweden Sven Lovén mwaka 1844. Alimwita Chaetoderma, yaani ngozi ya nywele, na akamweka pamoja na minyoo. Hatuna sababu ya kumcheka, maana mtu yeyote angefanya hivyo. Mwaka 1875 Msweden mwingine, Tycho Tullberg, alimweleza mwenzake wa kundi la solenogasta na kumpa jina la Neomenia. Neno hilo la Kigiriki maana yake ni mwezi mwandamo. Baadaye wataalamu walipoupasua mwili na kuukata vipande vyembamba vya kutazamwa kwa hadubini, walikuta ule ulimi wenye meno, joho, na mishipa ya fahamu iliyopangwa kama ya mnyama mwingine wa pwani, kitoni. Kitoni ni yule mnyama bapa anayeng'ang'ania mwambani, mwenye magamba manane mgongoni yaliyopangana kama vigae. Kwa hiyo wakahamishwa kutoka kwa minyoo na kuingizwa kwa moluska.

Ubishi haukuishia hapo. Ikiwa ni moluska, mbona hawana gamba? Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 jibu la wengi lilikuwa hili: hawa ni moluska wa mwanzo kabisa, waliobaki kama mababu walivyokuwa kabla gamba halijatokea. Luitfried von Salvini-Plawen wa Vienna aliutetea mtazamo huo kwa nguvu, akiyaona makundi haya mawili kama matawi ya mwanzo kabisa ya mti. Amélie Scheltema, aliyefanya kazi Woods Hole huko Marekani, alipinga. Kwa maoni yake hawa ni ndugu wa kitoni waliopoteza magamba, na umbo lao jepesi ni la kujitwalia baadaye, si la urithi wa kale.

Ushahidi ulianza kuelemea upande wa Scheltema mwaka 2011, pale makundi mawili ya watafiti, kila moja kwa kazi yake, yalipolinganisha vinasaba vya moluska wengi na kukuta kwamba aplakofora na kitoni wanakaa kwenye tawi moja. Mwaka uliofuata, 2012, Mark Sutton na wenzake walieleza kisukuku kilichopatikana Herefordshire, Uingereza, chenye umri wa miaka milioni 425. Kilisagwa kidogo kidogo na kupigwa picha kila hatua, kisha kompyuta ikaunganisha picha hizo na kumjenga mnyama mzima. Akatokea mnyama mwenye mwili wa mnyoo uliojaa vijisindano, na juu ya mgongo wake magamba saba. Walimwita Kulindroplax. Ni kama mtu aliyepigwa picha akiwa mlangoni, mguu mmoja ndani na mmoja nje.

Mwaka 2013 ukaja ushahidi wa tatu, ambao sisi ndio uliotugusa zaidi. Watafiti walichunguza viluwiluwi vya solenogasta mmoja wa bahari ya kaskazini, Wirenia, na kukuta kwamba akiwa mchanga misuli yake imepangwa kwa namna ya kitoni, mnyama mwenye magamba. Akikua, mpango huo hufifia. Mtoto ana alama za nyumba ambayo ukoo wake ulikwisha kuihama.

Kwa hiyo yule aliyeitwa duni na wa kale ana historia ndefu nyuma yake. Kuwa na vitu vichache hakukumaanisha kwamba hajaendelea. Aliviacha vile ambavyo kwenye tope na kwenye matawi ya matumbawe havikumfaa. Bado wapo wanaobishana juu ya sura kamili ya babu wa moluska wote, na ubishi huo ni halali. Lakini kitabu kinachosema kwamba aplakofora ni masalia ya moluska wa mwanzo wasiokuwa na gamba sasa kinahitaji kusahihishwa, na bado tunavikuta vya namna hiyo kwenye rafu za shule.

Bahari yetu

Pwani ya Kilwa ina rafu nyembamba ya maji mafupi, kisha sakafu huporomoka. Wavuvi wa Kisiwani na Songo Mnara wanajua kwamba si safari ndefu kutoka kwenye miamba hadi maji yanapobadilika rangi na kamba ya nanga ikakosa chini. Vilindi hivyo vimechunguzwa mara chache. Msafara wa Kijerumani wa meli ya Valdivia, chini ya Carl Chun, ulifika Dar es Salaam mwaka 1899. Meli ya Misri iitwayo Mabahiss, ikiwa na msafara wa John Murray, iliburuta nyavu zake katika eneo la Zanzibar mwaka 1934. Baada ya hapo vyombo vya kampuni za gesi ndivyo vilivyoona sakafu ya bahari yetu ya kina kuliko vyombo vya chuo chochote.

Kwamba bahari hii inaweza kushangaza tumeliona wenyewe. Mwaka 2003 wavuvi wa maji ya Songo Mnara walinasa silikanti, samaki wa jamii ambayo kabla ya mwaka 1938 ilidhaniwa kuwa imetoweka tangu zama za dinosaria. Wengine wengi walinaswa Tanga kwa nyavu za jarife, na mwaka 2009 serikali ikatangaza huko hifadhi ya bahari kwa ajili yao. Silikanti alikuwa na bahati ya kuwa mkubwa kama mtu. Mnyama wa milimita nne hana bahati hiyo, na kama hakuna anayechekecha tope kwa ajili yake, hatahesabika.

Hapo ndipo kamati inapoingia. Kisima kinapochimbwa, udongo na mawe yaliyosagwa hutoka na mara nyingi hutua kwenye sakafu inayozunguka kisima. Samaki huondoka. Anayeishi kichwa chini ndani ya tope, au aliyejizungusha kwenye tumbawe moja laini, hana pa kukimbilia. Ili kujua ni kiasi gani kimepotea ni lazima kuwe na hesabu iliyofanywa kabla ya kuchimba. Ripoti nyingi zina jedwali la viumbe wa sakafuni, na mjumbe asiye na digrii anaweza kulisoma akijua la kuuliza. Tope lilichukuliwa mahali pangapi, na kwa kina gani? Lilichekechwa kwa chekeche lenye matundu ya ukubwa gani? Likiwa na matundu ya milimita moja, wengi wa hawa tunaowaeleza watakuwa wamepita na kumwagwa. Je, safu iliyoandikwa "minyoo" ilitazamwa na mtaalamu wa moluska, au ni kapu la kutupia kila kirefu na chembamba? Na sampuli zenyewe zimehifadhiwa wapi, nchini au nje, ili mwingine aweze kuzitazama tena? Swali hili la mwisho ndilo ambalo huleta ukimya mrefu zaidi ukumbini.

Wapo wahisani walioandika kuuliza kwa nini bajeti ya semina za kamati iliweka siku nzima ya kujifunza juu ya wanyama wa sakafu ya bahari, wakati zahanati zinahitaji dawa. Ni swali la haki. Jibu letu ni kwamba gesi hiyo, ikitoka, itaamua mambo mengi ya pwani hii kwa miaka mingi, na watu wanaoitwa kutoa maoni wanapaswa kuwa na cha kusema zaidi ya kuomba ajira za ulinzi. Hatuipingi gesi. Umeme wa Songo Songo unawasha taa katika hospitali ambazo wengi wetu tumelazwa. Tunachotaka ni hesabu iliyo kamili, na mnyama asiyeonekana ni kipimo kizuri cha kama hesabu imefanywa kwa uangalifu. Ndugu zetu Waislamu wa Kisiwani tulioketi nao katika semina hizo walilishika jambo hili haraka kuliko sisi, pengine kwa sababu bahari ni shamba lao.

Kumtambua solenogasta ni kazi ya subira. Sura ya nje haitoshi. Mara nyingi mwili hukatwa vipande vyembamba kuliko unywele, vikapakwa rangi na kutazamwa kimoja kimoja, na vijisindano hupimwa umbo. Spishi nyingi zinajulikana kwa mnyama mmoja au wachache tu waliowahi kupatikana. Ndiyo maana kila sampuli ina thamani.

Kwa wavuvi na wajumbe wa vikundi vya BMU tunaongeza maelekezo haya. Wavu wa maji ya kina ukipanda na tawi la tumbawe laini lililozungukwa na kitu kama mnyoo unaong'aa, msikibandue. Likateni tawi pamoja na mnyama wake, mlitie kwenye chupa yenye spiriti safi. Msitumie siki wala ndimu, maana asidi huyeyusha vijisindano vya chokaa, na bila vijisindano mtaalamu hana pa kuanzia. Andikeni kwa penseli kwenye kipande cha karatasi tarehe, mahali na kina mnachokisia, kisha mkitumbukize ndani ya chupa hiyo hiyo. Wino hufutika kwenye spiriti. Chupa ipelekwe kwa afisa uvuvi wa wilaya, na kupitia kwake inaweza kufika Taasisi ya Sayansi za Bahari, Zanzibar.